Ugonjwa wa mitokondria na nusukaputi: mara ya kwanza binti yangu aliamka vizuri, mara ya pili nusura tumkose. Nini kilibadilika?

#1 Mama_Mapacha

Salamu wote. Zimebaki wiki tatu binti yangu aingie tena thieta, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Binti yangu ana miaka 6. Ana ugonjwa wa Leigh, na kipimo cha jeni kilionyesha kasoro kwenye kompleksi ya kwanza ya mitokondria, yaani hatua ya kwanza ya mashine inayotengeneza nishati ndani ya seli. Pacha wake ni mzima. Binti huyu amepewa nusukaputi mara mbili.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka 3. Hatukujua anaumwa nini, wakamkata kipande kidogo cha msuli wa paja kwa uchunguzi. Hata nusu saa haikupita tangu atolewe thieta, akafungua macho na kunidai maziwa.

Mara ya pili ni miezi minne iliyopita, meno. Kung'oa mawili na kuziba kadhaa. Walisema saa mbili na ataamka. Hakuamka. Alikaa saa tano akiwa kama jiwe, anapumua juujuu, na laktati ya damu (tindikali inayojaa seli zikikosa nishati) ikapanda sana, ikafika 9. Akapelekwa ICU siku mbili. Baada ya hapo alipoteza uwezo wa kukaa bila kuegemezwa, na ilichukua wiki sita kuurudisha.

Sasa anatakiwa kuwekewa mrija wa kulishia tumboni. Kila ninayemuuliza kilichotokea ananipa jibu lake. Mmoja kasema gesi, mwingine kasema njaa, mwingine kasema "ni ugonjwa wenyewe". Mtoto ni yule yule, hospitali ile ile. Nataka kujua nini kilibadilika kabla sijasaini karatasi ya tatu.

#2 Kipepeo_Mweupe

Pole sana dada. Mimi niliambiwa wazi: mwenye ugonjwa wowote wa misuli hapewi gesi ya usingizi kabisa, kwa sababu mwili unaweza kuwaka joto ghafla na misuli ikakakamaa. Kama alipewa gesi, jibu lako ni hilo. Mdogo wangu kwenye faili lake wameandika kwa wino mwekundu.

#3 Nesi_wa_Zamu

Mama_Mapacha, nina maswali matatu kabla ya mambo ya dawa. Alikula mara ya mwisho saa ngapi? Aliingia thieta saa ngapi? Na wakati anasubiri alikuwa na dripu ya sukari au alikaa hivi hivi?

Nauliza kwa sababu nimefanya kazi chumba cha kuamkia miaka mingi. Watoto wa namna hii wanaonitia hofu ni wale waliopangwa wa mwisho kwenye orodha.

#4 Baba_Shujaa

Ni propofoli. Ile dawa nyeupe kama maziwa. Mwanangu ana kadi anayotembea nayo: HAPEWI PROPOFOLI. Inazuia mitokondria kuchoma mafuta. Kuna watoto walikufa kwa dawa hii, si hadithi, taarifa zilichapishwa tangu 1992. Uliza kama walimpa, na kama walimpa usihangaike kutafuta kwingine.

#5 Dokta_Usingizi

Mimi ni daktari wa usingizi, nimefanya kazi na watoto kwa muda. Simjui mtoto huyu na siwezi kumtibu kwa maandishi, lakini kuna mambo mawili hapo juu niyanyooshe kabla hayajawa sheria.

Kipepeo, ile hali ya joto kali ni ugonjwa mwingine. Michael Denborough na mwenzake waliieleza mwaka 1960 kule Melbourne, baada ya kijana aliyevunjika mguu kuwaambia anaogopa usingizi kuliko mguu, maana ndugu zake kumi walikufa kwa nusukaputi. Chanzo chake kikubwa ni hitilafu kwenye jeni la RYR1, linalotengeneza mlango wa kalsiamu ndani ya msuli. Haijathibitika kwamba kasoro ya mitokondria peke yake huongeza hatari hiyo. Zamani magonjwa yote ya misuli yalitiwa kapu moja, na wino mwekundu ukabaki kwenye mafaili. Kwa mdogo wako ningetaka kujua ana ugonjwa gani hasa, kwa sababu yapo magonjwa ya misuli ambayo kwayo onyo hilo ni la kweli kabisa. Usilifute bila kuuliza.

Baba_Shujaa, propofoli inasumbua mitokondria, hapo uko sahihi. Inabana mnyororo wa kutengeneza nishati na inazuia mafuta yasiingie mitokondria kuchomwa. Lakini wale watoto watano wa taarifa ya 1992 walikuwa ICU, wamewekewa dawa hiyo mfululizo ili watulie kwenye mashine ya kupumulia. Hatari inayojulikana ni ya kuitiririsha kwa kiwango kikubwa, zaidi ya miligramu 4 kwa kila kilo kwa saa, kwa zaidi ya saa 48. Damu inakuwa na tindikali, misuli inavunjika, potasiamu inapanda, moyo unachoka. Dozi moja ya kumlaza mtoto na kumtiririshia siku mbili hazilingani. Wengi wetu hukwepa kuitiririsha kwa mgonjwa wa mitokondria, hata kwa saa chache. Dozi moja ya kuanzia, wengi wameipata bila tatizo.

Sasa kuhusu gesi. Kwa kasoro ya kompleksi ya kwanza, ndiyo, nina sababu ya kuitazama, ila si sababu ya joto. Kule Cleveland, Marekani, watafiti Philip Morgan na Margaret Sedensky walianza na kijinyoo kidogo kinachoitwa C. elegans. Waliona kwamba kijinyoo chenye jeni la gas-1 lililoharibika hulala kwa gesi kidogo mno, na jeni hilo likaonekana kuwa sehemu ya kompleksi ya kwanza. Mwaka 2002 wakachapisha walichokiona kwa watoto: walitumia mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo wakati wa kuwalaza kwa sevoflurani, gesi ya usingizi, na baadhi, hasa wenye kasoro ya kompleksi ya kwanza, walizama kwa kiwango kidogo sana kuliko wenzao. Panya waliotolewa jeni la Ndufs4, nalo la kompleksi ya kwanza, nao hivyo hivyo.

Maana yake: kipimo cha kawaida kwa mtoto wa kawaida kinaweza kuwa dozi kubwa kupita kiasi kwake. Mama, kaombe karatasi ya nusukaputi ya mara zote mbili. Zipo kwenye faili, ni haki yako.

#6 Mama_Mapacha

Asanteni. Nesi, nimekaa nikahesabu. Alikula saa mbili usiku. Tuliambiwa tufike saa moja asubuhi na asile chochote tangu saa sita usiku, lakini alishalala, sikumwamsha. Akaingia thieta saa tano. Dripu waliweka akiwa tayari ndani.

Saa kumi na tano. Sijawahi kuihesabu mpaka leo.

#7 Nesi_wa_Zamu

Usijilaumu, ulifuata ulichoambiwa. Ile "asile tangu saa sita usiku" ni amri ya zamani inayong'ang'ania. Kanuni iliyozoeleka ni saa 6 kwa chakula, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji meupe. Tangu 2018 vyama vya wataalamu wa usingizi wa watoto vya Uingereza, Ufaransa na Ulaya vinaruhusu maji meupe mpaka saa 1 kabla.

Mtoto ambaye injini yake ya nishati ni dhaifu, ukimkalisha saa 15 mwili unaanza kuchoma mafuta na misuli. Hizo ndizo njia ambazo kwake zimeziba. Anaingia thieta akiwa tayari amepungukiwa. Hata ungempa dawa gani.

Kura yangu ni njaa.

#8 Msomaji_Kimya

Nimekuwa nikisoma jukwaa hili miaka miwili bila kuandika. Hili limenigusa. Ulizia pia dripu ilikuwa ya aina gani. Kwa mwanangu waligundua kwamba walimwekea Ringer yenye laktati. Mtoto ambaye laktati inamjaa mwilini, unamwongezea laktati kwa mshipa! Tangu hapo sisi ni maji ya chumvi yenye sukari tu.

#9 Chembehai

Karibu Msomaji, usirudi kimya tena.

Nafundisha baiolojia ya seli, si tabibu, kwa hiyo nitabaki upande wangu. Lita moja ya Ringer yenye laktati ina takriban milimoli 28 za laktati. Mtoto wa kilo 18 hapewi lita nzima kwa saa mbili, labda robo au theluthi. Ini zima linaimaliza bila shida. Ini lenye mitokondria dhaifu litachelewa, na ndiyo maana wataalamu wengi wanaikwepa, hakuna haja ya kumpa mtu mzigo asiouhitaji. Lakini kwamba dripu hiyo peke yake ipandishe laktati mpaka 9 na kumlaza mtoto saa tano, hesabu yangu haifiki huko. Naiona kama jani juu ya kuni, kuni zenyewe tuzitafute pengine.

Na kuhusu sukari, Nesi, kuna watakaosoma hapa na kukimbilia dripu ya sukari kwa kila mtoto. Wapo wenye upungufu wa kimeng'enya cha piruvati dihidrojenasi. Hao sukari nyingi inageuka laktati moja kwa moja, na wengi wanaishi kwa mlo wa mafuta mengi makusudi. Kwa hao dripu ya sukari ni kosa. Lazima ujue kasoro iko wapi.

#10 Nesi_wa_Zamu

Kweli kabisa, nimekubali. Nilikuwa nasema juu ya huyu binti.

#11 Dada_wa_Tatu

Mimi ni mtu mzima, nina badiliko la 3243 kwenye DNA ya mitokondria, lile linalohusishwa na MELAS, aina mojawapo ya ugonjwa wa mitokondria. Kisukari, masikio mazito, kichwa. Niliingia thieta kujifungua. Waliponisomea orodha ya hatari nilitaka kutoroka na tumbo langu. Wakaamua ganzi ya mgongo, sikupewa usingizi. Walipima damu kwanza kuona kama inaganda vizuri, wakanipasha joto, wakaniweka kwenye dripu yenye sukari huku wakipima sukari kila mara. Nilimsikia mwanangu akilia nikiwa macho.

Naandika hili kwa sababu tunasoma mabaya tu. Wengi wetu tunalala na kuamka, na hatuji kuandika.

#12 Baba_Shujaa

Dada, hongera. Lakini mtoto wa miaka 6 huwezi kumwambia atulie kwa ganzi ya mgongo. Nusukaputi itahitajika. Na bado sijajibiwa: kama gesi inabana kompleksi ya kwanza na propofoli inabana mnyororo, mtoto alazwe kwa kitu gani? Kwa wimbo?

#13 Dokta_Usingizi

Swali zuri, na ndilo linalotukosesha usingizi sisi wenyewe. Karibu kila dawa ya kulaza inagusa mitokondria kwa kiasi fulani. Dawa za jamii ya babituri ni vizuizi vya kompleksi ya kwanza ambavyo wanakemia walikuwa wakivitumia kwenye maabara miaka mingi iliyopita. Ketamini nayo kwenye chupa ya maabara inabana. Hata bupivakaini, dawa ya ganzi, ikiwa nyingi damuni inaleta shida hiyo hiyo. Deksmedetomidini, dawa ya kutuliza, inaonekana kuwa mpole zaidi, lakini peke yake haimlazi mtoto kiasi cha kukatwa.

Kwa hiyo hakuna dawa safi. Kuna dozi ndogo kadiri inavyotosha, inayotoka mwilini haraka, ukiitazama dakika kwa dakika. Sevoflurani ina sifa moja nzuri, ukiifunga inatoka kwa pumzi, haihitaji ini wala figo. Remifentanili, dawa ya maumivu, nayo huisha kwa dakika chache. Mtoto anaweza kulazwa kwa gesi kidogo inayoongozwa na mawimbi ya ubongo, pamoja na ganzi pale anapokatwa.

Kwenye taarifa za hospitali zilizokusanya watoto wengi wa aina hii, wengi wao walipita salama kwa dawa mbalimbali. Ndiyo maana sipendi kadi inayotaja dawa moja kwa herufi kubwa. Atakayeisoma usiku ataikwepa hiyo moja, na atamwacha mtoto na njaa na baridi.

#14 Baba_Shujaa

Kadi sibadilishi. Ila nimeelewa, nitaongeza mstari wa njaa na baridi.

#15 Jirani_Mwema

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Si magonjwa haya yanatoka kwa mama tu? Maana mitokondria tunarithi kwa mama. Basi mama naye apimwe kabla, huenda jibu la nusukaputi liko kwenye familia yake.

#16 Chembehai

Jirani, nusu ni kweli. DNA ya mitokondria, yenye jeni 37 na herufi 16,569, inatoka kwa mama. Lakini jeni hizo zinatengeneza protini 13 tu. Protini nyingine zote za mitokondria, zaidi ya elfu moja, maelekezo yake yako kwenye kiini cha seli, kutoka kwa baba na mama sawasawa. Kwa watoto wadogo kasoro nyingi ni za kiini. Kila mzazi amebeba nakala moja mbovu bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa robo.

#17 Mama_Mapacha

Jirani, najua hukuwa na nia mbaya. Lakini sentensi hiyo nimeambiwa na watu wa upande wa mume wangu miaka miwili mizima kabla ya kipimo cha jeni. Kasoro ya binti yangu ni ya kiini. Nusu yangu, nusu ya baba yake. Siku jibu lilipotoka mume wangu alilia, nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

#18 Jirani_Mwema

Nimejifunza, na naomba radhi dada. Kwa dhati.

#19 Kope_Nzito

Jina langu linajieleza, kope zangu zinaanguka tangu nikiwa na miaka 19. Nina Kearns-Sayre, nao ni ugonjwa wa mitokondria. Nimefanyiwa upasuaji wa kope kwa ganzi tu, nikiwa macho, tunaongea na daktari.

Kisa changu ni tofauti ila mama akisikie. Kabla ya upasuaji wa kwanza daktari wa usingizi aliomba kipimo cha umeme wa moyo. Sikuwa na dalili yoyote, nilikuwa napanda ngazi. Kikaonyesha umeme wa moyo umeanza kukatika njiani. Upasuaji ukaahirishwa, nikawekewa betri ya moyo kwanza. Aliyeniokoa hata hakugusa kope zangu. Mama, binti amepimwa moyo karibuni? Ule wa miaka 3 usikutosheleze.

#20 Mama_Mapacha

Umeme wa moyo ndiyo, picha ya moyo hapana, ya mwisho ni ya mwaka juzi. Nimeandika. Asante sana.

#21 Nesi_wa_Zamu

Dokta_Usingizi, leo umeandika mengi kuliko siku zote na mwandiko wako unasomeka! Tumefurahi.

#22 Dokta_Usingizi

Kibodi imeniokoa, Nesi. La moyo nilisahau kulisema, Kope amenisahihisha. Na ongezeni kupima kumeza. Anayewekewa mrija wa tumbo mara nyingi anameza vibaya, akiwa amelegea dawa hazijaisha anaweza kuvuta mate kwenye mapafu.

#23 Mfamasia_Mstaafu

Nimepitia yote. Hakuna aliyetaja dawa ya maumivu. Mtoto aliyeng'olewa meno lazima alipewa kitu. Kama ni mofini, na ini na misuli ya kupumulia ni dhaifu, kulala saa tano na kupumua juujuu ni picha ya mofini kabisa. Laktati inaweza kupanda kwa sababu hapumui vya kutosha, si lazima iwe sababu ya kwanza.

Na kwa kuwa uzi huu utasomwa na wengi, dawa mbili nje ya thieta. Valproeti, ya kifafa, asipewe mwenye kasoro ya jeni la POLG, linalohusika na kunakili DNA ya mitokondria, inaua ini. Jentamisini na ndugu zake, dawa za kuua bakteria, ziogopwe kwa wenye badiliko la 1555 kwenye DNA ya mitokondria, wanaweza kuziba masikio moja kwa moja. Nimewahi kukutana na cheti cha valproeti kwa mtoto mwenye POLG. Nilikataa kutoa, tukagombana kwenye simu, na sikujuta.

#24 Kipepeo_Mweupe

Kurudi nyuma kidogo: nimempigia simu daktari wa mdogo wangu. Kumbe ana ugonjwa wa RYR1, si mitokondria. Onyo la wino mwekundu linabaki. Nilikuwa nachanganya mambo, samahani Mama_Mapacha nisije nikawa nimekutisha bure.

#25 Dokta_Usingizi

Asante kwa kurudi kutuambia. Kwa mdogo wako basi gesi marufuku kweli, na suksinilkolini, dawa ya kulegeza misuli, marufuku. Suksinilkolini hata kwa wetu wa mitokondria wenye misuli dhaifu huwa tunaikwepa, kwa hofu ya potasiamu.

#26 Mama_Mapacha

Wapendwa, nimezipata karatasi. Ilichukua siku tisa na safari tatu. Nimekaa nazo mezani usiku mzima. Nanakili yaliyomo:

Mara ya kwanza, miaka 3. Alikuwa wa kwanza asubuhi. Dripu ya sukari tangu alfajiri, kwa sababu aliwahi kushuka sukari wiki ile. Sevoflurani. Dakika 35. Ganzi kwenye paja, hakuna mofini. Joto 36.8. Na pembeni kuna maandishi ya mkono: "Amelala haraka kuliko nilivyotarajia, gesi imepunguzwa mpaka 0.8%."

Mara ya pili, miaka 6. Sevoflurani tena! Imewekwa 2.4% na kubaki hapo saa mbili na dakika kumi. Propofoli dozi moja mwanzoni. Mofini. Ringer yenye laktati. Joto wakati wa kutoka 35.1. Hakuna aliyeandika kitu pembeni.

Nilipofika kwenye yale maandishi ya pembeni nilisimama. Kuna mtu aliona. Miaka mitatu kabla ya kila mtu, mtu mmoja aliona na akaandika, na karatasi ikalala kwenye faili.

#27 Dokta_Usingizi

Mama, hayo maandishi ya pembeni yapige picha, yatangulie mbele ya faili. Huyo mwenzangu hakujua utambuzi wa ugonjwa, alimtazama mtoto tu.

Kwangu hili linaegemea gesi. Gesi ni ile ile mara zote mbili, kilichobadilika ni kiwango, mara tatu zaidi, na muda mrefu.

#28 Nesi_wa_Zamu

Mimi naiona njaa na baridi, bado. Joto 35.1! Mtoto wa baridi hatoi dawa mwilini haraka, na akianza kutetemeka anateketeza oksijeni asiyokuwa nayo. Mara ya kwanza alikuwa na sukari na joto. Kama ni gesi tu, kwa nini laktati iendelee kuwa juu siku mbili, wakati gesi yenyewe inatoka kwa dakika?

#29 Dokta_Usingizi

Kwa sababu mitokondria iliyobanwa saa mbili haiamki dakika gesi inapofungwa. Lakini nakubali siwezi kulithibitisha kwa karatasi hii.

#30 Mfamasia_Mstaafu

Mofini imo. Nimesema.

#31 Msomaji_Kimya

Na Ringer imo 🙂 (Chembehai, jani lako hilo.)

#32 Baba_Shujaa

Na propofoli imo, dozi moja, sawa, lakini imo. Ila kuna jambo naliuliza kwa upole kama baba. Kati ya miaka 3 na 6 ugonjwa wenyewe ulisogea? Wangu, nusukaputi ya miaka 4 na ya miaka 9 ni watoto wawili tofauti. Na alikuwa na mafua au homa wiki zile?

#33 Mama_Mapacha

Ulisogea. Miaka 3 alikuwa anatembea kwa kushikiliwa. Na ndiyo, mafua siku kumi kabla, nikawaambia, wakasikiliza kifua wakasema kimeisha.

Baba_Shujaa, nilikuwa naliogopa swali hilo kuliko yote.

#34 Chembehai

Homa na mafua kwa watoto wa Leigh vinajulikana kwa kuwaangusha hata bila thieta. Kwa hiyo tuna gesi, njaa, baridi, mofini, Ringer, propofoli, mafua na miaka mitatu ya ugonjwa, vyote siku moja. Kama ningeletewa jaribio la maabara lenye vigeugeu vinane vilivyobadilishwa pamoja ningelirudisha. Hatuwezi kuvitenganisha, na sidhani vilifanya kazi kimoja kimoja.

#35 Nesi_wa_Zamu

Bado njaa.

#36 Mama_Mapacha

Jana nimekaa na daktari wa usingizi atakayemlaza safari hii. Nimempelekea karatasi zote mbili na maswali yenu, nimeyaandika kwa mkono kurasa mbili. Alisoma pale pembeni mara mbili, akanyamaza.

Tumekubaliana: wa kwanza kwenye orodha, saa moja na nusu asubuhi. Analazwa wodini tangu jana yake, dripu ya sukari inaanza pale anapoacha kula. Hakuna laktati kwenye dripu. Blanketi la hewa ya moto tangu chumba cha kusubiri. Gesi kidogo kidogo kwa mashine ya mawimbi ya ubongo, ganzi kwenye tumbo, mofini hapana. Picha ya moyo wiki hii. Mrija utawekwa kwa kamera kupitia matundu madogo, kwa hiyo tumbo litajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo dogo, na ikisumbua upumuaji watafungua kwa njia ya kawaida. Kitanda cha ICU kimewekwa hata kama hakitatumika. Akipata mafua, tunaahirisha bila mjadala.

Nikamuuliza, sasa ukiondoa vyote na akaamka vizuri, tutajuaje kilikuwa kipi? Akasema, "Hatutajua, mama. Mimi namtaka aamke."

#37 Dada_wa_Tatu

Tutakuwa nawe siku hiyo tangu alfajiri.

#38 Kope_Nzito

Wa kwanza kwenye orodha ni jambo zuri. Wapigie tena jioni ya siku iliyotangulia uhakikishe bado ni wa kwanza. Orodha hubadilika usiku, akiingia wa dharura, na hakuna anayemwambia mzazi.